Usipake Rangi Juu ya Vumbi

 

Neno letu leo ni Marko 8:22-25 pamoja na Ezekieli 13:10-15. Kama Biblia yako iko karibu, fungua usome kwanza, kisha urudi hapa tuendelee.

Juzi Jumamosi akina mama wa zamu ya usafi walishusha katoni ya mapambo ya Krismasi kutoka juu ya kabati la ofisi. Mimi nilikuwa pembeni naandaa mahubiri. Nikaweka kalamu chini, nikaanza kuyatoa mapambo moja moja: mipira ya kuning'iniza, kengele, malaika wawili wa plastiki, na ile nyota ya bati inayokaa juu ya mti. Mengi bado yana rangi nzuri kama yametoka dukani jana. Lakini mipira mitatu imebabuka. Rangi imetoka vipande vipande, ukigusa inakufuata kidoleni.

Hiyo mitatu niliipaka mimi, mchungaji wenu. Najua ni kwa nini imebabuka, na hicho ndicho ninachotaka kuwaambia leo. Mama Mchungaji amesoma ujumbe huu kabla sijautuma, akaniambia, "Usipunguze kitu." Na ndugu ambaye habari hii inamhusu nimemwomba ruhusa. Amekubali, ila jina lake nisilitaje. Sitalitaja.

MAPAMBO YENYEWE

Mapambo haya hatukuyanunua. Miaka kadhaa iliyopita hoteli moja ya Diani ilibadilisha mapambo yake, na dada yetu mmoja aliyekuwa akifanya usafi huko akaona katoni tatu zikipelekwa kwenye takataka. Akaomba, akapewa. Akazipakia kwenye tuktuk mpaka kanisani. Jumapili ile watoto waliruka kama wameletewa baiskeli.

Ninyi mnaoishi huku mnaijua Krismasi ya Diani. Kaskazi inavuma, jua linachoma, watu wa bara wamejaa ufukweni, na ndani ya hoteli kuna mti wa plastiki uliowekewa pamba ionekane kama theluji! Sisi kanisani mti wetu ni tawi la mvinje. Jirani yetu ni mzee wa Kidigo, Mwislamu wa swala tano, na kila Desemba anatukatia tawi moja kwenye mivinje yake. Hajawahi kuchukua hata shilingi moja. Tukimshukuru anasema tu, "Si jirani?" Tunalisimamisha kwenye ndoo ya mchanga, tunalining'inizia mapambo ya hoteli, na watoto wetu wanakuwa na Krismasi.

Sasa mnaikumbuka mvua ya mwaka 2023. El Nino. Ilianza Oktoba, Novemba ikazidi. Huku Kwale nyumba ziliingia maji, barabara zikakatika. Paa la stoo yetu ni mabati ya zamani, na kutu ilikuwa imeshayatoboa. Tulipofungua stoo mwishoni mwa Novemba tulikuta katoni zimeloa, zimeoza chini. Mapambo yalikuwa yamefanya ukungu. Vile vimetameta vimegandana kama uji. Nyota ya bati imeshika kutu. Mipira ya vioo, maana ilikuwepo michache ya vioo, ile fedha yake ya ndani imebanduka imebaki madoa.

Kamati ikakaa. Tulikuwa tumetenga shilingi 20,000 za mapambo na sherehe ya watoto. Wengine wakasema tupande Mombasa tununue mapambo mapya. Mweka hazina akauliza, "Na paa?" Kimya. Mimi nikasimama kwa imani kubwa nikasema, "Tutayapaka rangi wenyewe. Fedha iende kwenye paa." Watu wakapiga makofi. Wapendwa, mimi sijawahi kupaka hata mlango.

NILIVYOHARIBU

Kesho yake nilikwenda hadiwea nikanunua kopo la glosi nyekundu, brashi mbili na chupa ya tina. Nikajiambia, tina inatoa uchafu wa kila aina, nitasugua mara moja na kumaliza. Nikachukua kitambaa, nikachovya, nikaanza na mipira ya plastiki.

Mpira wa kwanza ulianza kunata mkononi. Nikafikiri ni uchafu unatoka, nikasugua zaidi. Ukalegea. Ukabonyea. Alama za vidole vyangu zikabaki pale kama mtu aliyeshika unga wa chapati. Nikachukua wa pili, hivyo hivyo. Nilipofika wa tano ndipo nikaelewa kwamba si uchafu unaotoka, ni mpira wenyewe unayeyuka.

Nikaiacha tina. Nikasema basi, tusioshe kabisa, tupake tu. Glosi ni nzito, itafunika. Nikapaka mipira kumi na miwili jioni ile, mkono mmoja mnene, juu ya ukungu na vimetameta na vumbi. Nikaining'iniza kwenye kamba ya nguo. Ilipendeza! Nikapiga picha nikatuma kwenye kundi la kamati: "Mungu ni mwema." Watu wakajibu Amina, Amina, Haleluya.

Siku ya pili bado inanata. Siku ya nne mwalimu wa Sunday School akashika mmoja, ukucha wake ukapita, na rangi ikatoka yote kwa pamoja kama ganda la yai lililochemshwa. Ndani ukungu uko pale pale.

Yule mwalimu akanitazama, akasita, kisha akasema polepole, "Pasta, kuna mtu anayejua kazi hii. Lakini ulisema asikanyage hapa."

KIJANA NILIYEMWEKA JUKWAANI

Naomba mnisikilize vizuri hapa.

Ndugu huyu alikuwa fundi wa rangi katika hoteli za Diani. Fundi hasa. Machi 2020 korona ilipoingia, ndege zikasimama, hoteli zikafungwa, akarudishwa nyumbani kama maelfu ya wenzake. Mnazijua siku zile, Ukunda ilikuwa kama kijiji kilichohamwa. Hakuna wageni, hakuna kazi, na vijiweni kuna unga. Wengine wetu tulizika watoto. Yeye hakufa, lakini unga ulimshika.

Novemba 2021 mama yake alimleta kanisani. Tukafunga, tukaomba, akaokoka. Nilikuwepo, nililia naye, na sijawahi kutilia shaka kwamba Bwana alimgusa siku ile. Lakini tazama nilichofanya. Wiki ya tatu tu, Krismasi, nilimnunulia suti. Nikampandisha jukwaani mbele ya kanisa lililojaa wageni wa bara. Nikamwambia atoe ushuhuda. Nikatangaza kwamba huyu amefunguliwa kabisa, unga umekwisha, tena hatahitaji dawa wala daktari. Picha yake nikaiweka kwenye ukurasa huu huu. Baadhi yenu mliandika Amina.

Zaidi ya hayo, siku ile nilihubiri kwamba mtu anayekwenda kunywa methadoni amebadilisha shetani mmoja kwa mwingine. Nilisema maneno hayo kwa kinywa changu, na yeye amekaa mbele na suti yake.

Machi 2022 miksa ya vyombo vya kanisa ikapotea. Yeye ndiye aliyeichukua, akaiuza. Nami Jumapili iliyofuata nilisimama madhabahuni nikalitaja jina lake, nikasema asikanyage tena. Mama yake alikuwa amekaa safu ya tatu. Alisimama akatoka. Hakurudi.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimemtupa. Sasa nahitaji mtu wa kunipakia mipira!

Nilikesha usiku ule na Ezekieli 13. Mungu anawakemea manabii. Watu walijenga ukuta dhaifu, na manabii, badala ya kuwaambia ukweli, wakaupaka chokaa ukaonekana mzuri. Mungu akasema mvua itakuja. Nimehubiri sura ile mara nyingi nikiwapiga manabii wengine. Usiku ule nikiwa na glosi kwenye kucha, na mvua inagonga mabati, niliisoma nikiwa ndani yake.

MSAMBWENI

Sikujua anakaa wapi. Nilijua tu kwa mama yake, Msambweni. Nikapanda matatu asubuhi, nikapita Gazi huku najiuliza nitasema nini. Mama alinikaribisha. Wapwani mnajua, hata mtu aliyekukosea ukimkuta mlangoni unampa kiti. Akaniletea chai ya tangawizi na mahamri. Akangoja ninywe. Ndipo akasema.

"Mchungaji, ulimpandisha mwanangu jukwaani wiki ya tatu. Wiki ya tatu! Mimi usiku bado nilikuwa nalala mlangoni asitoke. Anatetemeka, anatapika, ananiomba nimfungulie. Hukuja kuniuliza kama analala. Uliuliza saizi ya suti."

Sikuwa na jibu, wapendwa. Nilisema, "Mama, nimekosa." Nikarudia tena.

Akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaniambia, "Hayuko hapa. Yuko Ukunda, anakaa nyuma ya soko. Dakika kumi kutoka kanisani kwako. Mwaka mzima."

Alikuwa amepanga chumba Ukunda ili awe karibu na Kombani. Kule Kombani, pale njia ya kwenda Kwale mjini inapochepuka kutoka barabara ya Likoni, kuna kliniki ya methadoni. Mgonjwa anakwenda mwenyewe, kila siku, anapimiwa kipimo chake, anakinywa mbele ya muuguzi, anarudi. Kesho tena. Keshokutwa tena. Mvua inyeshe, nauli ipande. Ndugu yule alikuwa amefanya hivyo tangu mwanzoni mwa mwaka, bila suti na bila makofi, na bila mchungaji.

Nilimngoja kwenye kibaraza cha chumba chake mpaka kama saa tano asubuhi. Alipotokea akasimama mbali, akidhani nimekuja kuhusu miksa. Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha. Kwa jukwaa. Kwa niliyoyasema kuhusu dawa. Kwa kulitaja jina lake mbele ya mama yake. Alinisikiliza ameangalia chini. Hakusema amenisamehe. Aliuliza tu, "Pasta, mikono imefanya nini?"

Nikamweleza habari ya mipira.

"Uliisafisha na nini?"

"Tina."

Akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Nami nikacheka, machozi yananitoka.

FUNDI ANAFUNDISHA

Alikuja kesho yake saa sita, baada ya Kombani. Akaja siku sita, mchana hadi saa kumi. Watoto wa Sunday School wakamzunguka chini ya mwembe, na mimi nikakaa nao. Nawaandikia alivyotufundisha, maana wengi wenu mna mapambo ya zamani kwenye mifuko chini ya kitanda, na mnataka kuyatupa.

Kwanza, jua unachoshika. Plastiki, kioo, bati na mbao kila kimoja kina njia yake. Plastiki nyingi za mapambo haziwezi kuvumilia tina. Hizo ni za maji ya uvuguvugu, sabuni na kitambaa laini. Alisema, "Kinachosafisha bati kinaua plastiki."

Pili, osha kwa maji yasiyo na chumvi. Visima vingi vya Diani na Ukunda, ninyi mnajua, maji yake yana chumvi. Akasema chumvi ikibaki chini ya rangi haitulii, hasa kwenye bati. Akaomba tukinge mvua. Basi ile mvua iliyoharibu mapambo yetu ndiyo tuliyoyaoshea.

Tatu, piga msasa. Msasa laini, polepole, mpaka ule utelezi utoke. Hapa watoto walilalamika, kwa sababu mpira ukishapigwa msasa unapendeza kidogo kuliko ulivyokuwa. Unafifia, unakwaruzika. Lakini rangi haishiki kwenye utelezi. Vimetameta vya zamani tulivikwangua juu ya gazeti, tukavifunga na kuvitupa pamoja na takataka, visiende na maji hadi baharini.

Nne, nyota ya bati hakuwapa watoto waguse. Rangi za zamani huenda zina risasi ndani yake, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa mtoto. Aliloweka msasa maji ili vumbi lisiruke, akafunga kitambaa puani, akaisugua kutu mwenyewe pembeni, akaosha mikono. Kisha akaipaka rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi nyingine yoyote.

Tano, rangi ya kwanza haipendezi. Ni nyeupe iliyokufa, ya kushikilia tu. Baada yake rangi yenyewe, mkono mwembamba. Unangoja ikauke. Mkono wa pili mwembamba. Unangoja. Mnene ukipakwa mara moja juu unakauka, chini bado mbichi, ndiyo maana glosi yangu ilinata siku nne. Na kwa unyevu wa mvua ile, pale ambapo kopo liliandika saa chache, yeye alingoja mpaka kesho.

Sita, mipira ya vioo. Hii ilinishangaza. Nimesoma kwamba mipira ya vioo ya mti wa Krismasi asili yake ni mji mdogo wa Lauscha huko Ujerumani, katika karne ya 19, mafundi wakipuliza kioo kwa mdomo na kukipaka fedha kwa ndani. Ya kwetu fedha ilikuwa imebanduka. Fundi akachomoa kile kifuniko cha juu, akasuuza ndani taratibu mpaka mabaki yakatoka, akaipindua juu ya vikombe ikauke. Kisha akamimina rangi kidogo ndani, akauzungusha mpira mkononi mpaka rangi ikafika kila mahali, akaupindua tena rangi iliyozidi ichuruzike. Kwa nje ni kioo kitupu kinachong'aa. Rangi iko ndani, na ukucha wa mtu hauwezi kuifikia.

Nikamuuliza kuhusu ile mitano niliyoiyeyusha. Akaigeuza geuza. Akasema hii haiwezi kurudi kuwa mviringo. Mitatu ilikuwa imekwisha kabisa, akaitupa. Miwili akaikata juu, akaipiga msasa, akaipaka rangi ya kijani na kuifanya vikombe vidogo vya mishumaa ya betri. Na mipira yangu kumi na miwili ya glosi? Tisa aliikwangua yote akaanza upya. Mitatu akaniachia. "Hii kaa nayo, Pasta. Utaikumbuka."

MWISHO WA MWEZI

Kamati ilitaka kazi yake ihesabiwe kama malipo ya miksa. Nikakataa. Mfanyakazi analipwa. Tukamlipa shilingi 600 kwa kila nusu siku, siku sita, jumla 3,600. Rangi, msasa na brashi 3,150. Mabati na misumari ya stoo 8,400. Zilizobaki, 4,850, tulinunua chakula cha familia mbili zilizoingiwa na maji. Sherehe ya watoto ikawa wali wa nazi na maharagwe kutoka nyumba za akina mama, na hakuna aliyelalamika.

Alipopokea pesa yake alihesabu, akanirudishia 500. "Ya miksa," akasema.

Jumapili ya tarehe 24 Desemba mti ulisimama. Wageni wakauliza tulinunua wapi mapambo. Mwili wangu wote ulitaka kumwita mbele. Nilimwona, alikuwa nyuma kabisa karibu na mlango, pamoja na mama yake. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Akanitazama, akatikisa kichwa kidogo tu. Nikaufunga. Nikasema, "Yamepakwa na fundi wetu," nikaendelea na Neno.

Ningependa kumalizia hapa. Lakini Mama Mchungaji amesema nisipunguze.

Kila mwezi aliniletea 500. Januari, Februari, Machi, Aprili. Mei hakuleta. Nilikwenda nyuma ya soko nikakuta mlango umefungwa kwa ndani. Alikuwa ameanguka. Siku nne hakwenda Kombani, alirudi kwenye unga. Zamani ningejua la kufanya, madhabahu iko pale na maikrofoni iko pale. Safari hii nilikaa kwenye kibaraza mpaka akafungua. Sikuhubiri. Asubuhi yake nilipanda matatu naye mpaka Kombani, nikakaa nje kwenye benchi na wenzake. Vijana wengi, wapendwa. Wengine niliwahi kuwaombea kwa makelele. Wakanisalimia kwa adabu.

Juni akaleta 500. Anaendelea. Hajamaliza deni, na sijui siku zake za kesho. Najua kwamba leo asubuhi amekwenda.

NENO

Sasa rudi kwa yule kipofu wa Bethsaida. Bwana alimshika mkono, akamtoa nje ya kijiji, mbali na watu. Hakumponya jukwaani! Akamgusa, kisha akamuuliza anaona nini. Yule mtu akasema ukweli: anaona watu, lakini ni kama miti inayotembea. Fikiria angekuwa na mchungaji kama mimi. Ningemwambia, "Sema unaona! Usikiri kushindwa!" Ningempiga picha akiwa anaona miti.

Yesu hakumkaripia. Aliweka mikono mara ya pili, na mtu yule akaona wazi. Mwana wa Mungu, ambaye angeweza kumaliza kwa neno moja, hakuona aibu kurudia. Wewe na mimi ni nani hata tuone aibu ya mkono wa pili?

Mpendwa, huenda unasoma haya na una mtu uliyemtupa. Mtoto, mume, ndugu wa kanisani. Ulimwombea mara moja, akaangaza, akababuka, ukamfungia mlango. Sikwambii umpe funguo za stoo. Miksa yetu iliibiwa kweli, na hekima ni hekima. Nakwambia nenda ujue anakaa wapi. Huenda ni dakika kumi tu.

Na huenda wewe ndiwe uliyepakwa rangi haraka. Kanisani unang'aa, usiku unatetemeka, na unaogopa kusema kwa sababu ulishatoa ushuhuda. Sema. Mwambie Bwana unaona miti. Na kama daktari amekupa dawa, inywe, na uombe ukiinywa. Nilipokuwa nikihubiri vingine nilikosea, na naomba msamaha hapa hapa mahali nilipoiweka ile picha.

TUOMBE

Baba katika jina la Yesu, tusamehe sisi tunaopenda king'ao kuliko kazi. Tupe mikono ya kuosha kwa upole, na moyo wa kungoja mpaka kukauke. Wakumbuke vijana, kutoka Likoni mpaka Lunga Lunga, walioko Kombani asubuhi hii na wale ambao hawajafika. Wakumbuke mama zao wanaolala mlangoni. Waliobabuka, waguse tena. Nasi utuguse tena. Amina.

Ile mipira mitatu tutaining'iniza mwaka huu pia, upande wa nyuma wa tawi, unaoelekea kiti changu. Kama una mtu wa kuombewa, andika herufi ya kwanza tu ya jina lake hapa chini. Usiandike jina. Nitawaombea mmoja mmoja.

Mbarikiwe, na mwe na Desemba njema.